Wakulima Waliolinda Jina la Kijiji Chao

Katika upande wa kusini wa nchi ya Ufaransa, mahali ambapo mto Rhône unateremka kuelekea bahari ya Mediterania, kuna kijiji kimoja kilichojengwa juu ya kilima baina ya miji ya Orange na Avignon. Wenyeji wake ni watu elfu mbili na kitu tu. Kijiji hicho chaitwa Châteauneuf-du-Pape, maana yake Ngome Mpya ya Papa, na jina hilo laonekana juu ya chupa za divai nyekundu katika miji mikubwa karibu yote ya dunia. Msomaji asiyeonja kileo hata kidogo aweza kusoma habari zake bila hofu, kwa maana jambo lenyewe hasa si la kunywa. Ni habari ya wakulima waliokuwa wakiibiwa jina la mahali pao, na njia waliyoifuata mpaka wakalirudisha.

Mgeni afikapo huko mara ya kwanza hushangazwa na mashamba. Katika sehemu nyingi udongo hauonekani kabisa. Mawe ya mviringo, mengine makubwa kama kichwa cha mtoto, yametapakaa toka mwanzo wa shamba hata mwisho, na mizabibu imesimama katikati yake kana kwamba imepandwa juu ya barabara isiyokwisha kutengenezwa. Mawe hayo yaliletwa na mto zamani sana kutoka upande wa milima ya Alps, yakasuguliwa na maji hata yakawa laini. Mkulima wa mahali pengine angeyaokota na kuyarundika mpakani. Hapa yameachwa makusudi, kwa kuwa mchana hushika joto la jua, na usiku hulitoa polepole chini ya zabibu. Tena huufunika udongo ulio chini yake usikauke upesi wakati wa kiangazi. Lakini si kila shamba lina mawe. Mengine ni ya mchanga mtupu, mengine ya udongo mwekundu, mengine ya chokaa, na wako wajuzi wanaosema kwamba divai iliyo laini kuliko zote hutoka katika mchanga, ingawa wapiga picha hawaendi huko.

Tena kuna upepo. Wenyeji huuita Mistral, nao huvuma kutoka kaskazini kwa kufuata bonde la mto, na mara nyingine mwendo wake hupita kilometa 100 kwa saa. Huvunja matawi machanga na kuwachosha watu na wanyama, hata hivyo wakulima hawaulaani sana, maana mvua ikiisha kunyesha upepo huo huyakausha majani, na ukungu unaooza zabibu haupati nafasi. Kwa sababu yake mizabibu mingi ya aina ya Grenache hukatwa iwe mifupi, yenye umbo la kikombe, isimame yenyewe karibu na ardhi bila ya waya wala nguzo.

Jina la kijiji lina historia ndefu, lakini si ndefu kama wauzaji wa divai wapendavyo wanunuzi waamini. Mwaka 1309 Papa Clement wa Tano alikuja kukaa Avignon, na mapapa walikaa huko mpaka Gregory wa Kumi na Moja aliporudi Roma karibu na miaka 70 baadaye. Aliyeijenga ngome ya Châteauneuf ni Papa John wa Ishirini na Mbili, aliyetawala tangu 1316 hata 1334. Mizabibu ilikuwako kilimani katika siku zake. Lakini kwa karne nyingi kijiji chenyewe kiliitwa Châteauneuf-Calcernier, kwa ajili ya tanuri za chokaa zilizokuwa karibu, na jina la Papa halikuwa jina rasmi mpaka mwaka 1893. Ngome iliharibiwa katika vita vya dini vya karne ya 16, na mnara uliobaki ulivunjwa nusu kwa baruti na askari wa Kijerumani walipokuwa wakirudi nyuma mwezi wa Agosti 1944. Ukuta wa upande mmoja ungali umesimama, na mtu akiwa bondeni huuona kutoka mbali.

Kabla ya wizi wa jina, wakulima hao walipatwa na adui mwingine aliyekuwa mdogo kuliko kichwa cha sindano. Katika miaka ya 1860 mizabibu ilianza kufa ng'ambo ya pili ya mto Rhône, upande wa Roquemaure, maili chache tu kutoka Châteauneuf. Majani yaligeuka manjano, kisha mekundu, yakaanguka kabla ya wakati wake, na mwaka uliofuata mzabibu ulikuwa kuni. Watu waliing'oa mizabibu iliyokufa wakaichunguza mizizi yake, wasione kitu ila uozo. Mwezi wa Julai 1868 profesa wa Montpellier, jina lake Planchon, pamoja na wenziwe, waling'oa mizabibu iliyokuwa ingali hai, na hapo ndipo walipoona kwa kioo cha kukuzia wadudu wadogo sana wa rangi ya manjano waking'ang'ania mizizi na kuifyonza. Wadudu hao huuacha mzizi ukiisha kufa, wakahamia mwingine ulio mzima. Ndiyo sababu waliochimbua mizabibu mikavu hawakuona kitu. Mdudu huyo aliitwa filoksera, naye alikuwa amesafiri kutoka Marekani ndani ya miche iliyoletwa na watu wasiojua hatari yake.

Serikali ya Ufaransa iliahidi zawadi ya faranga 300,000 kwa mtu atakayeleta dawa. Yakaja mashauri ya kila namna, hata la kumzika chura hai chini ya kila mzabibu. Wengine walitia dawa ya sumu ardhini kwa sindano kubwa za chuma, na hiyo ilisaidia kwa gharama nyingi. Wengine, wenye mashamba ya bondeni, waliyafurikisha maji wakati wa baridi wadudu wakafa. Juu ya kilima cha Châteauneuf, penye mawe matupu, maji hayo yangetoka wapi? Mwisho wake tiba ilitoka kule kule ulikotoka ugonjwa. Mizabibu ya Marekani ilikuwa imeishi na mdudu huyo tangu zamani na mizizi yake ilimstahimili. Basi walipanda mashina ya Kimarekani, na juu yake wakaunganisha vijiti vya mizabibu yao wenyewe. Kazi hiyo ilikuwa ya kuanza upya kabisa, nao waliokuwa na akiba ndogo waliuza mashamba wakaondoka. Hata leo mizabibu ya Ufaransa, isipokuwa michache, husimama juu ya mizizi hiyo ya kigeni.

Waliobaki walipanda, wakangoja, wakavuna. Jua la kusini huzijaza zabibu sukari nyingi, na sukari hiyo hugeuka kuwa nguvu ya divai. Lakini faida haikuwafikia wao. Sehemu kubwa ya mavuno ilinunuliwa kwa mapipa na wafanya biashara wa Burgundy, nchi ya divai iliyo kaskazini yenye baridi zaidi, ambao waliichanganya na divai yao iliyokuwa nyepesi ili kuitia nguvu, kisha wakaiuza kwa jina la Burgundy na kwa bei ya Burgundy. Na kadiri jina la Châteauneuf-du-Pape lenyewe lilivyoanza kujulikana, ndivyo lilivyochukuliwa na watu wengine. Divai za mabonde ya mbali, za mizabibu duni izaayo sana, zilibandikwa jina hilo na kupelekwa sokoni. Mwenye shamba la mawe alikuwa akivuna kidogo kwa taabu, na mwenye shamba la tope alikuwa akivuna maradufu, nao wote wawili walikuwa na jina moja sokoni. Mnunuzi aliyedanganywa mara moja hakurudi tena kununua kutoka kwa ye yote.

Katika mwaka 1923 baadhi ya wakulima walikwenda kuonana na jirani yao aliyeitwa Pierre Le Roy de Boiseaumarié. Mtu huyo alikuwa kabaila mwenye cheo cha Baroni, aliyejifunza sheria huko Montpellier, na katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918 alikuwa rubani wa ndege za vita. Hakuzaliwa kijijini, alikuja kwa njia ya ndoa, kwa kuwa mkewe alikuwa binti wa shamba liitwalo Château Fortia. Walimwomba awaongoze katika kupigana na wezi wa jina lao. Baroni alikubali, lakini kwa sharti ambalo huenda wengine hawakulitazamia: wao wenyewe watangulie kuwa watu wa nidhamu na uaminifu. Mtu hawezi kumshitaki jirani kwa kuuza divai mbovu kwa jina la Châteauneuf, naye mwenyewe ana pipa lililotiwa maji nyumbani.

Hapo ndipo kazi ngumu ilipokuwa. Kumchukia mdanganyifu wa mbali ni rahisi. Kukubali kufungwa mikono kwa sheria katika shamba alilorithi mtu kwa babu yake si rahisi hata kidogo. Chama cha wakulima kilifanyizwa mwaka 1924, na masharti yakaandikwa. La kwanza lilihusu ardhi. Je, ni ardhi ipi istahiliyo kuitwa ya Châteauneuf-du-Pape? Jibu la Baroni lilikuwa la mtu aliyetembea mashambani kwa miguu. Alisema kwamba ardhi inayofaa ni ile kavu na maskini ambayo juu yake mimea miwili ya porini yenye harufu nzuri, yaani lavenda na thaimu, huota pamoja. Ardhi yenye rutuba ya kuotesha majani ya ng'ombe ingebaki kuwa ya majani ya ng'ombe. Bila shaka alikuwako mkulima mwenye shamba zuri lenye rutuba, lililo karibu kabisa na kanisa la kijiji, aliyesikia kwamba divai yake haina haki ya jina la kijiji chake mwenyewe.

Masharti mengine yalihusu aina za mizabibu, na namna ya kuikata. Aina nyingi ziliruhusiwa, na kwa kawaida husemwa kuwa ni 13, nyekundu na nyeupe, iliyo kuu ikiwa ni Grenache, kisha Syrah, Mourvèdre, Cinsault na nyingine ambazo majina yake hayajulikani sana nje ya bonde hilo. Nguvu ya divai isipungue sehemu 12 na nusu katika kila 100, nayo itoke katika jua tu, bila kutiwa sukari. Zabibu zivunwe kwa mkono, na wakati wa kuvuna zichaguliwe, zilizooza au zisizoiva zitolewe zisiingie katika divai ya jina. Mkulima wa kahawa aliyepata kukaa chini kiwandani akitenga matunda mekundu na mabichi, huku jua likimchoma na foleni ikisonga mbele yake, atalijua sharti hilo vizuri na uchungu wake pia. Tena mavuno yaliwekewa mpaka, ambao kwa kawaida ni lita 3,500 katika hektari moja, yaani kama lita 1,400 katika ekari. Katika nchi tambarare za kusini wako waliokuwa wakipata mara mbili au tatu ya hiyo.

Baada ya kujifunga wenyewe ndipo walipokwenda mahakamani. Ufaransa ilikuwa na sheria ya mwaka 1919 iliyowapa mahakimu uwezo wa kuamua ni nani mwenye haki ya kutumia jina la mahali, lakini sheria hiyo ilitazama mahali tu, haikutazama mmea wala kazi. Mtu aliyepanda mzabibu duni ndani ya mpaka aliweza kusema ana haki sawa na mwingine. Wakulima wa Châteauneuf waliyaleta masharti yao yote mbele ya mahakama ya Orange. Shauri lilikwenda polepole, kukawa na rufani, na halikufika mwisho wake mpaka mwaka 1933. Miaka yote hiyo walitakiwa waendelee kuyafuata masharti ambayo hakuna aliyelazimishwa na serikali kuyafuata, huku wengine wakiendelea kuuza jina kwa bei rahisi. Yawezekana kwamba hiyo ndiyo sehemu ya habari hii istahiliyo sifa kuliko nyingine zote, nayo ndiyo isiyotajwa juu ya chupa.

Baroni hakuwa peke yake katika fikira zake. Alikuwako Joseph Capus, aliyepata kuwa Waziri wa Kilimo, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akisema katika Bunge kwamba jina la mahali bila ya masharti ya ukulima ni mlango ulioachwa wazi. Mwaka 1935 ilitolewa sheria mpya ya nchi nzima, ikaundwa halmashauri ya kusimamia majina ya divai. Na tarehe 15 Mei 1936 jina la Châteauneuf-du-Pape likaandikwa miongoni mwa yale ya kwanza kabisa, pamoja na Arbois, Tavel, Cassis na Monbazillac. Masharti yaliyokuwa ya kijiji kimoja yalikuwa yamekuwa mfano wa taifa. Baroni Le Roy mwenyewe aliiongoza halmashauri hiyo tangu 1947 mpaka alipofariki mwaka 1967, na kutoka hapo njia hiyo ilienea katika jibini, siagi na vyakula vingine, na katika nchi nyingine za Ulaya.

Mwaka 1937 wakulima walibuni chupa yao wenyewe, nzito, ambayo katika kioo chake imechomozwa nembo ya taji la Papa na funguo za Mtakatifu Petro. Karatasi yaweza kubanduliwa na kubandikwa nyingine, lakini kioo hakibanduliki. Si kila mkulima aitumiaye chupa hiyo, kwa maana watu wa Châteauneuf hupenda kubishana kama watu wa mahali po pote, na kwa habari ya nembo na chupa wamebishana mara nyingi.

Uangalifu wao juu ya mpaka ulifika hata mbinguni. Katika mwaka 1954, siku ambazo magazeti ya Ulaya yalijaa habari za vyombo vya ajabu virukavyo angani, meya wa kijiji alitoa amri ya kukataza chombo cho chote cha namna hiyo kupita juu ya mashamba, kutua au kuruka katika eneo la kijiji, na kitakachotua kikamatwe na askari wa mashamba. Dunia ilicheka, na huenda meya alikusudia icheke, kwa kuwa tangazo la bure halina kifani. Mpaka leo hakuna kilichokamatwa.

Leo eneo lenye haki ya jina hilo ni hektari 3,200 hivi, yaani karibu ekari 8,000, zilizo katika vijiji na miji mitano: Châteauneuf-du-Pape yenyewe, Bédarrides, Courthézon, Orange na Sorgues. Bei ya ardhi hiyo imepanda sana kuliko ile iliyo ng'ambo ya mpaka tu, na mtoto wa mkulima arithiye shamba huweza kupata taabu ya kulipa kodi ya urithi kwa sababu ya thamani ya jina walilolipigania babu zake.

Na jua limekuwa kali zaidi. Baroni alipoandika kwamba nguvu ya divai isipungue sehemu 12 na nusu, hofu ilikuwa ni divai dhaifu ya mashamba ya bondeni. Siku hizi zabibu za Grenache hujaa sukari upesi, na divai nyingi hufika sehemu 15 au zaidi, hata wanunuzi wengine husema ni nzito mno. Yale mawe yaliyosifiwa kwa kutunza joto la usiku sasa hutazamwa na wakulima wengine kwa mashaka katika mwezi wa Agosti. Kumwagilia maji kwa jumla kumekatazwa, ila kwa ruhusa katika miaka ya ukame mkali. Basi wengine huvuna mapema zaidi, wengine huanza kazi kabla ya mapambazuko ili zabibu zifike ghalani zikiwa baridi, na wengine wamerudi katika orodha ile ya aina nyingi iliyotokana na masharti ya zamani, wakapanda tena Counoise, Cinsault na zile nyeupe, ambazo babu zao walizichanganya na Grenache kidogo kidogo, nazo hazijazi sukari nyingi.